Mtama na uwele shamba moja: mavuno yanaongezeka kweli?

Wakulima wengi wa Dodoma na Singida wanachanganya mtama na uwele toka enzi za mababu, afu anakuja mtu anawaambia waache hicho ni kilimo cha kizamani. Mimi hapo nakataa kabisa. Mvua yenyewe ni msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili, miaka mingi ni milimita 500 au 600 hivi, sasa utategemeaje zao moja?

Faida inatokana na kupishana. Uwele wa muda mfupi unakomaa siku 75 mpaka 90, mtama wa mbegu kama Macia unaenda mpaka 110 na kitu, kwa hiyo haviombi maji mengi wakati mmoja, uwele ukishajaza punje mtama ndo unabaki na unyevu na nafasi yote. Ukichukua mbegu zinazokomaa pamoja hiyo faida huipati, zitagombania tu.

Wengi wanapokosea ni idadi ya mimea. Mtu anapanda mtama shamba zima kama kawaida, afu anapachika uwele katikati ya mistari, matokeo yake mashina membamba na masuke madogo. Uwele uchukue nafasi ya mtama jamani, usiongezwe juu yake! Mistari iwe sentimita 75, weka miwili ya mtama mmoja wa uwele, na wiki ya pili au ya tatu baada ya kuota, udongo ukiwa bado na unyevu, punguza miche bila huruma.

Huko Eritrea na Tigray nyanda za juu wanachanganya shayiri na ngano, wanaita hanfets, wanavuna pamoja na kusaga pamoja. Kwetu vuna kila suke kwa wakati wake, maana nafaka iliyochanganyika sokoni bei inashuka, na uwele ukichelewa kuuvuna kwelea kwelea wanaumaliza.

Ila ujue viduha, yale magugu yanayonyonya mizizi ya nafaka, vinashambulia yote mawili, na hakuna linalorutubisha udongo, kwa hiyo samadi iwepo na msimu unaofuata zungusha na kunde.

Kujua kama umepata, pima kwa haki: ekari moja ya mchanganyiko ilinganishe na theluthi mbili za ekari ya mtama peke yake jumlisha theluthi moja ya ekari ya uwele peke yake, udongo uleule, msimu uleule.