Kusoma kitako cha guruneti ya Mills: ni namba 5, 23 au 36?

Wauzaji wengi wa vitu vya kale vya kijeshi huandika "Mills, Vita vya Kwanza" wakaishia hapo. Guruneti hii ya Kiingereza, iliyobuniwa na William Mills wa Birmingham, iliingia jeshini 1915 na ikaendelea kutumika hadi 1972. Kwa hiyo "Vita vya Kwanza" ni dai la kuthibitishwa, na ushahidi wake mwingi umo kitakoni.

Hatua ya 1: Hakikisha ni tupu

Rangi nyeupe ya mazoezi haithibitishi kitu. Yeyote mwenye kopo la rangi anaweza kuipaka. Mizani nayo haisaidii. Guruneti iliyojaa hukaribia gramu 765, lakini baruti yenyewe ni kama gramu 70 tu, na ganda la chuma cha kalibu hutofautiana unene. Unachotaka kuona ni tundu lililotobolewa ubavuni, au kizibo cha kitako kimefunguliwa na mwanga unaingia ndani, na kiwashio hakimo.

Kama kizibo kimefungwa, usikifungue wewe. Mwambie muuzaji akupe picha za ndani kabla hujatoa hela. Iliyookotwa ardhini, iwe Flanders huko Ubelgiji au kwenye vilima vya Taveta, si ya mkusanyaji kabisa: iache ilipo, weka alama kwa mbali, ita polisi. Hata iliyo tupu usipande nayo ndege wala usiitume kwa posta. Na uliza polisi wa nchi yako kama unaruhusiwa kuwa nayo, kwa sababu sheria za Uingereza si za Kenya wala Tanzania.

Hatua ya 2: Sumaku

Ganda lazima linase. Lisiponasa, pengine una nakala ya resini (plastiki ngumu) mkononi.

Hatua ya 3: Soma kizibo cha kitako

Hapa ndipo watu hupotea, kwa hiyo twende polepole.

Safisha kwa mafuta mepesi ya mashine na mswaki wa zamani. Brashi ya waya na msasa ni mwiko: herufi zina kina kidogo, ukizisugua mara mbili umezifuta, na bei nayo imefutika. Spiriti pia iweke mbali. Ganda nyingi zilipakwa shelaki, ile rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, na spiriti huiyeyusha.

Kisha weka karatasi nyembamba juu ya kizibo na uparaze penseli laini. Njia hii hushinda kamera ya simu karibu kila mara. Ukilazimika kupiga picha, zima taa ya chumba na ulaze tochi pembeni, karibu iguse meza, ili herufi zitoe kivuli.

Utakachotafuta ni namba ya aina, "Mk" (yaani toleo), jina au herufi za kiwanda, na mara nyingi tarehe. Namba 5 ndiyo ya kwanza, ya kutupa kwa mkono tu, na kizibo chake hakina tundu katikati. Namba 23 ina tundu la katikati lenye hesi, la kufungia fimbo iliyoingia kwenye mtutu wa bunduki. Namba 36, ya 1918, iliachana na fimbo: hufungiwa sahani ya chuma kitakoni na kurushwa kwa kikombe kilichofungwa mdomoni mwa bunduki. Herufi M katika "36M" ni ya Mesopotamia, yaani imezibwa kwa shelaki isiingie unyevu kwenye joto.

Sasa mitego. Tundu la katikati peke yake halikwambii kuwa ni 23, kwa kuwa 36 nayo ina lake la kushikia sahani. Vitundu viwili vya pembeni usivihesabu, hivyo ni vya spana. Tundu likikata herufi, limetobolewa baadaye, pengine namba 5 inageuzwa 23 ili ipande bei. Halafu kizibo hutoka: kizibo cha 1916 kwenye ganda la 1940 ni jambo la kawaida sokoni. Linganisha kutu na kuchakaa kwa pande mbili, na tazama alama za kiwanda kwenye ganda lenyewe kama zipo. Kikicheza kwenye hesi, shaka iongezeke.

Madini ya kizibo nayo husema. Alumini na shaba ya manjano ni za kawaida Vita vya Kwanza. Zinki ya kalibu ni dalili ya Vita vya Pili. Zinki ikioza hutoa unga mweupe, huvimba na kung'ang'ania hesi. Hata kwa guruneti iliyothibitishwa kuwa tupu, usiilazimishe kwa spana, utavunja ukingo. Mshale mpana, alama ya mali ya serikali ya Uingereza, ukiwa ndani ya herufi C, mali ilikuwa ya Kanada.

Hatua ya 4: Rangi

Mkanda mwekundu sehemu ya juu ulionyesha kuwa imejazwa. Safu ya alama za X nyekundu, kwamba imezuiwa maji na inafaa kuhifadhiwa nchi za joto. Mikanda ya katikati ilitaja aina ya baruti: wa kijani ulimaanisha amatoli mwanzoni, kisha baratoli kuanzia miaka ya 1920. Wa waridi ulikuwa wa amonali au alumatoli.

Rangi ndiyo hughushiwa kwa urahisi zaidi. Chukua lenzi ya mara kumi: X iliyoingia ndani ya vishimo vya kutu ilipakwa baada ya kutu. Mimi nisingelipia senti ya ziada kwa mikanda mipya juu ya ganda lililochakaa. Ganda tupu lisilo na rangi, lenye kizibo kinachosomeka, lina thamani zaidi.

Hatua ya 5: Andika

Namba, Mk, kiwanda, tarehe, madini ya kizibo, na ile karatasi ya penseli. Hifadhi karatasi pamoja na guruneti.