Jinsi ya Kuitafuta na Kuifaidi Filamu Nadhifu ya Mahaba na Vichekesho

Mtu anayeingia katika duka la muvi pale Ngamiani, Tanga, flashi mkononi, akaomba tu "ya mapenzi, ya kuchekesha", aghalabu hutoka na mafaili chungu nzima ambayo hata muuzaji hajayatazama. Ni afadhali kwenda na jina. Kwa anayeanza, napendekeza Roman Holiday ya mwaka 1953, iliyoongozwa na William Wyler na kupigwa picha mjini Roma kwenyewe, ambamo Audrey Hepburn ni binti wa kifalme anayetoroka shughuli za kiserikali kwa siku moja, na Gregory Peck ni mwandishi wa habari anayemficha kazi yake. Haina rangi, ni nyeusi na nyeupe, lakini baada ya dakika chache jicho huzoea.

Kabla ya kurushiwa, uliza kama nakala hiyo ina sauti yake ya asili na maandishi ya tafsiri chini ya picha. Muvi zinazotafsiriwa na ma-DJ zina raha yake, hasa za mapigano, na sizibezi hata kidogo; ila katika filamu za namna hii kichekesho hukaa kwenye kimya kilicho kati ya neno na jibu lake, na DJ hodari hakubali kuacha kimya kipite bila kukijaza. Ikiwa maandishi yako katika faili la pembeni, liweke pamoja na filamu na ulipe jina lile lile, kwa kuwa televisheni nyingi hazilisomi vinginevyo. Jaribu pale pale dukani.

Wakati wa kutazama, anza na mavazi, kwa maana humo ndimo hadithi inamosimuliwa. Mwanzoni binti mfalme amesimama akipokea wageni wengi wa heshima, gauni limemfunika hadi sakafuni, na chini ya gauni hilo anachomoa mguu mmoja kwenye kiatu ili aupumzishe; kiatu kinaanguka, naye anakitafuta kwa ncha ya mguu huku uso wake ukiendelea kutabasamu kwa adabu. Hakuna anayesema neno juu ya kiatu hicho, lakini mtazamaji ameshaelewa kwamba binti huyu amechoka na maisha yake. Baadaye, akiwa mitaani, ukosi wa blauzi unafunguka, mikono inakunjwa, nywele zinakatwa, na kila badiliko linamwongezea uhuru. Edith Head alipata Tuzo ya Oscar kwa mavazi hayo, na Hepburn akapata ya mwigizaji bora wa kike.

Kisha sikiliza yasiyosemwa. Katika It Happened One Night ya Frank Capra, ya mwaka 1934, mwanamume na mwanamke wasiooana wanalazimika kulala chumba kimoja, naye mwanamume anatundika blanketi kwenye kamba katikati ya vitanda viwili na kuliita kuta za Yeriko. Tangu hapo mahaba yao yote yanapimwa kwa blanketi. Mtu wa Tanga hahitaji kufundishwa jambo hili. Mji uliotoa vikundi vya Black Star na Lucky Star, ambako taarabu humfikia mlengwa bila jina lake kutajwa, una masikio ya mafumbo tayari.

Itazame usiku, pamoja na watu wasiopenda kushika simu, maana Roman Holiday ina urefu wa karibu saa mbili na haivumilii kukatwakatwa. Kahawa na kashata zinatosha.

His Girl Friday ya Howard Hawks, ya mwaka 1940, sikushauri uianze mapema: wahusika hudakizana kwa kasi mno hata maandishi hayawafikii. Ya pili iwe Charade ya Stanley Donen, ya mwaka 1963, yenye Hepburn na Cary Grant mjini Paris, na maiti kadhaa katikati ya mahaba. Ilitolewa bila tangazo la hakimiliki ambalo sheria ya Marekani ya wakati ule ililidai, kwa hiyo huko ni mali ya umma na nakala zake zimezagaa mitandaoni, nyingine mbovu kabisa. Fungua mahali popote anapoonekana Hepburn: ikiwa nguo alizobuniwa na mwanamitindo Givenchy zimepauka kama kanga iliyosahaulika juani, futa faili hilo na utafute jingine.