Kuwasha moto wa kambi ufukweni Tanga kwa makumbi ya nazi na kuni za mvinje

Kuni si tabu katika fukwe za kati ya Tanga na Pangani. Kinachowashinda wengi ni upepo. Kwa hiyo shughuli huanzia kwenye mahali, si kwenye kiberiti.

Hatua ya 1: Mahali. Tafuta mstari wa mwani mkavu, ambao ndio mwisho wa maji kujaa, kisha upande juu yake hatua kadhaa, na zaidi ya hapo mwezi ukiwa mpevu au umeandama, kwa kuwa wakati wa bamvua maji hufika mbali kuliko kawaida. Usikae chini ya mivinje, kwani majani yake makavu yaliyotandaa chini hushika moto upesi. Safisha duara la mita 3 na uchimbe shimo la kina cha kiganja katikati. Hema lipigwe mbali, upande wa pembeni, kwa sababu upepo unaotoka baharini jioni huweza kugeuka umande, yaani upepo wa kutoka bara, kabla ya alfajiri.

Hatua ya 2: Kuni. Chambua makumbi makavu kwa vidole mpaka nyuzi ziachane na vumbi lake lianze kudondoka. Fumba moja linalojaa viganja viwili linatosha, na nyuzi za mkonge hufaa vilevile. Andaa chelewa za makuti makavu, vijiti vya unene wa kidole gumba, halafu vipande vya mvinje, ambao huwaka kwa moto mkali hata usipokauka sawasawa. Mikoko isiguswe, kwani inalindwa kisheria. Mbao za vyombo vilivyovunjika, zenye rangi na misumari, hazifai kuchomea samaki.

Hatua ya 3: Kupanga. Weka makumbi shimoni, uegemeze chelewa na vijiti juu yake, vikutane kileleni, na uache mlango upande unakotoka upepo. Ukihitaji mafiga, usitumie mawe ya matumbawe yaliyotoka majini, kwa kuwa maji yaliyomo hugeuka mvuke na kuyapasua.

Hatua ya 4: Kuwasha. Chuchumaa ukiupa upepo mgongo, uwashe makumbi kupitia ule mlango. Yatafuka kwanza bila ndimi. Puliza taratibu kutoka chini mpaka chelewa zidake, ndipo uongeze kuni, nyembamba kwanza. (Anayelilia mafuta ya taa hapa, mara nyingi aliharakisha hatua ya 2.) Vifuu vya nazi vitiwe mwishoni, kwa kuwa vinatoa makaa mazuri ya kupikia.

Hatua ya 5: Kuzima. Usifukie makaa ya moto, kwani mchanga hutunza joto kwa saa nyingi, na asubuhi wapo wanaopita pekupeku kwenda kuokota chaza. Yatawanye, uyamwagie maji ya bahari, uyakoroge kwa kijiti na kuyamwagia tena mpaka yaache kuchachatika. Pitisha mgongo wa kiganja juu yake. Ukihisi joto, ongeza maji.