Jinsi ya Kutengeneza Nanochembe za Albumini za Kupigia Picha Uvimbe wa Saratani na Kuuchoma kwa Mwanga

Mwongozo huu ni kwa wanafunzi wa uzamili katika maabara za Dar es Salaam wanaotaka chembe moja ifanye kazi mbili: kuuonyesha uvimbe kwenye kamera, kisha kuupasha joto kwa leza hadi seli zake zife. Rangi ya indosianini ya kijani, inayong'aa na kupata joto ikimulikwa, iliidhinishwa kwa matumizi ya kitabibu Marekani mwaka 1959, na dawa ya saratani ya paklitakseli iliyofungwa kwa albumini, protini ya damu, mwaka 2005. Kuunganisha rangi na protini kwa kazi hii, hata hivyo, bado ni suala la utafiti, na kinachotoka kwenye chupa yako hakimhusu mgonjwa yeyote wa hospitali ya saratani ya Ocean Road.

Yeyusha miligramu 100 za albumini katika mililita 1 ya maji yaliyotakaswa, pandisha pH hadi kati ya 8 na 9, kisha ongeza miligramu 1 ya rangi, yaani karibu molekuli moja kwa kila molekuli ya protini. Funika chupa kwa foili na ukoroge kwa saa moja katika chumba chenye kiyoyozi, kwa kuwa rangi hii ikiwa majini huharibiwa na mwanga na joto, na joto la Januari hapa pwani halina huruma. Dondosha mililita 4 za ethanoli, mililita 1 kwa dakika, hadi ukungu utokee. Ndani ya kabati la kufyonza mvuke, ongeza mikrolita 118 za glutaraldehaidi ya asilimia 8, kemikali inayofunga molekuli za protini pamoja, ukoroge kwa saa 24. Kikorogeo kiwe kwenye umeme wa akiba.

Hatua inayopuuzwa mno ni usafishaji. Rangi isiyoshikwa na protini nayo hung'aa na kupata joto, hivyo matokeo mazuri yanaweza kuwa yake, si ya chembe. Zungusha kwenye sentrifuji, mwaga maji ya juu, osha, rudia walau mara tatu, na upime maji hayo kwa spektrofotomita, kifaa cha kupima ufyonzaji wa mwanga, hadi yasionyeshe rangi. Kilele cha ufyonzaji wa rangi iliyoshikwa husogea kutoka takribani nanomita 780 hadi karibu 800.

Usishawishike kujaza rangi nyingi. Nishati ya mwanga uliofyonzwa hugawanyika kati ya mng'ao na joto, na sehemu ndogo huzalisha oksijeni yenye sumu kwa seli. Molekuli zikibanana, mng'ao hufifia na picha huharibika, ingawa joto hubaki. Kwa maoni yangu, ni heri kuanza na rangi kidogo, upate picha inayosomeka, ndipo uongeze.

Unapojaribu kwenye seli, weka pia kundi la leza peke yake, la chembe bila leza, na la rangi huru pamoja na leza. Mwale wa nanomita 808 hauonekani vizuri kwa macho, kwa hiyo kila aliyemo chumbani avae miwani iliyotengenezwa kuzuia urefu huo wa wimbi.