Kabla hujafungua programu ya leiauti: namna ya kukichunguza kitabu cha dizaini

Ukitaka kutengeneza kitabu cha dizaini, iwe cha mabango, nembo, fonti au kazi zako mwenyewe, kompyuta iache kwanza. Wengi wanafungua programu wanachagua A4 wanamwaga picha, alafu wakishafika ukurasa wa 200 ndo wanamuuliza mchapaji watumie karatasi gani. Hapo umeshachelewa bana, maana pambizo ya ndani (nafasi tupu upande wa mgongo) inategemea kitabu kitajalidiwaje, rangi zinategemea karatasi, na idadi ya kurasa inategemea karatasi kubwa ya mashine ya kuchapa inakunjwaje. Leiauti, yaani mpangilio wa picha na maandishi kwenye kurasa, ndo watu wanaiona kwanza lakini ukifuata mtiririko wa kazi inatakiwa iamuliwe karibu na mwisho.

Kwaiyo anza na vitabu ambavyo vipo. Nenda maktaba yoyote yenye rafu ya sanaa, beba rula, daftari na ile lenzi ndogo ya kukuzia mara 10. Chagua vitano sita vinavyofanana na chako kwa wingi wa picha na wingi wa maandishi, sio vile tu vinavyokuvutia, kitabu cha mashairi hata kiwe kizuri vipi hakitakuonyesha namna ya kupanga picha 300. Kila kimoja andika upana na urefu wa ukurasa, unene wa mgongo, idadi ya kurasa, pambizo zote nne, gridi (mistari isiyoonekana ya kupangia ukurasa) ina safu ngapi, na maelezo ya picha yamekaa wapi. Pima kwa rula, usikadirie kwa macho. Afu angalia ukurasa wa mwanzoni kabisa na wa mwisho kabisa, vitabu vingi vya dizaini vinataja pale fonti zilizotumika, jina la karatasi na gramu zake na nani kachapa, na watu karibu wote wanauruka ukurasa huo.

Sasa chukua kimoja ukikague kweli kweli. Kisimamishe uangalie mgongo kwa juu, pale karatasi zinapokutana na kava. Ukiona vifungu vidogo vya karatasi zilizokunjwa, usikimbilie kusema kimeshonwa, kuna vitabu vya gundi ambavyo vifungu vinatobolewa mgongoni ili gundi iingie ndani, kwaiyo fungua katikati ya kifungu utafute uzi. Uzi ndo ushahidi. Kisha kilaze mezani kikiwa wazi katikati uondoe mikono. Kikijifunga chenyewe, andika. Tafuta picha iliyovuka kurasa mbili upime imemezwa milimita ngapi pale kwenye mkunjo, je uso wa mtu umekatika, je kuna herufi ya bango imepotelea humo? Hiyo namba ya milimita ni ya kwako sasa, utaihitaji.

Kuhusu kujalidi, njia za kawaida ni tatu. Pini, zinazopigwa kwenye mkunjo wa katikati, ni rahisi na kitabu kinafunguka vizuri, ila kurasa lazima zigawanyike kwa 4 na kinafaa kikiwa chembamba tu, ukishazidi kurasa 64 hivi kwa karatasi nzito kinaanza kuvimba na kurasa za katikati zinasukumwa nje, wakikata kingo unakuta pambizo za nje za kurasa hizo zimepungua. Gundi ndo wengi wanaichukua kwa sababu ya bajeti. Hapa uliza ni gundi gani, EVA au PUR (aina mbili za gundi ya vitabu), maana EVA ni ya bei nafuu lakini ikipoa inakuwa ngumu kidogo na karatasi zilizopakwa (zenye tabaka laini juu yake) zinaweza kuanza kuchomoka, wakati PUR inanyumbulika na inashika vizuri zaidi. Ya tatu ni kushona kwa uzi, na mimi kwa kitabu chenye picha nyingi za kurasa mbili mbili siwezi kukushauri kingine. Kama hela hairuhusu, chukua PUR ila achana na kuvusha picha kwenye mkunjo, ziache kila moja na ukurasa wake na uongeze pambizo ya ndani.

Kurasa nazo. Karatasi kubwa ikikunjwa mara tatu inatoa kifungu cha kurasa 16, ndo maana vitabu vinaangukia 160, 176, 192. Ukiwa na kurasa 164 una tatizo: punguza 4, au ongeza ufike 168 kama mchapaji anakubali nusu kifungu. Jua hili mapema kwa sababu kuna faida imejificha humo, ukitaka sehemu moja ya kitabu iwe karatasi nyingine, mfano maandishi kwenye karatasi isiyopakwa na picha kwenye mati (iliyopakwa ila haing'ai), mabadiliko yakiangukia mwisho wa kifungu kazi inakuwa rahisi, yakiangukia katikati utalipia kazi ya ziada ya kuchomeka. Chora visanduku vya kurasa zote kwenye karatasi moja, weka mstari kila baada ya 16, ndo upange maudhui.

Saizi usiichague kwa kupenda tu. Mashine nyingi za ofseti, yaani zinazochapa kwa plati za chuma, zinatumia karatasi ya 700 × 1000 mm, ukiigawa kurasa 8 kila upande unapata 250 × 350 mm kwa ukurasa kabla hujatoa sehemu ya kukata na ya mashine kushikia. Kwaiyo 230 × 310 inaingia vizuri. Mraba wa 280 × 280 unapendeza, nakubali, lakini kila upande zinakaa kurasa 4 tu za kukunjika vizuri na kipande kikubwa kinaenda taka, na kipande hicho umekilipia wewe. Muulize mchapaji karatasi yake ni saizi gani kabla hujaipenda saizi yoyote.

Karatasi ndo sehemu watu wanadanganyika sana na gramu. Gramu ni uzito wa karatasi ya mita moja ya mraba, sio unene. Karatasi ya mati ya gramu 150 yenye voliumu 0.9 (unene wake ukilinganisha na uzito) ina unene wa milimita 0.135 (unazidisha gramu kwa voliumu unagawanya kwa 1000), kwaiyo kurasa 192, yaani karatasi 96, zinakupa mgongo wa 13 mm hivi. Chukua gramu 150 hiyo hiyo isiyopakwa ya voliumu 1.3, unapata karibu 19 mm. Uzito uleule, kitabu tofauti kabisa mkononi! Pia uliza mwelekeo wa nyuzi za karatasi, unatakiwa uende sambamba na mgongo la sivyo kurasa zinakuwa kaidi kufunguka. Kupima mwenyewe ni rahisi, ikunje taratibu upande huu na upande ule bila kuivunja, upande inaokubali kirahisi mkunjo wake ndo umefuata nyuzi.

Rangi: karatasi isiyopakwa inanyonya wino, nukta zinatanuka na rangi za picha zinafifia na vivuli vinakuwa vizito, ila mabango ya zamani na michoro yanaweza kupendeza zaidi humo kuliko kwenye glosi (iliyopakwa inayong'aa). Faili ziandae kwa profaili (mpangilio wa rangi kwenye faili) inayoendana na karatasi, FOGRA51 ni ya karatasi iliyopakwa na FOGRA52 ya isiyopakwa, lakini mchapaji wako akisema anatumia nyingine mfuate yeye. Picha ziwe na 300 ppi (pikseli kwa kila inchi) kwa saizi itakayochapwa, maana yake picha ya pikseli 3000 kwa upana inaishia sentimita 25 na kidogo. Maandishi madogo yawe meusi ya wino mmoja tu. Na ile lenzi itumie hapa, ukiikagua rangi ya kava ukaona nukta za rangi nne zimechanganyika ni CMYK ya kawaida (wino nne: samawati, majenta, njano na nyeusi), ukikuta rangi imekaa imara bila nukta kuna uwezekano mkubwa ni wino maalum uliochanganywa tayari kama wa Pantone. Ile chungwa kali unayoiona kwenye skrini kwa CMYK huipati, usipoteze siku kuitafuta.

Ukishajua yote hayo ndo gridi. Pambizo za uwiano wa 2:3:4:6 (ndani, juu, nje, chini) ambazo mbunifu wa vitabu Jan Tschichold alizitetea zinafaa sana kitabu cha kusoma, kwa kitabu cha picha zinakula nafasi mno, kwaiyo wengi wanaenda na gridi ya visanduku kwa mtindo wa Waswisi. Maandishi marefu yasizidi herufi 75 kwa mstari. Chapa kurasa chache kwa saizi halisi kwa printa ya kawaida, zikate, zibandike ndani ya kitabu kimoja ulichopima uone zinavyokaa, skrini haikuambii kama maelezo ya picha ya pointi 7 yanasomeka.

Mwisho omba vitu viwili kwa mchapaji: kitabu kitupu kisichochapwa, chenye karatasi yako halisi, idadi yako ya kurasa na kujalidi kwako, na prufu (chapa ya majaribio) ya kurasa ngumu kama tatu nne (ngozi za watu, kijivu, na rangi moja iliyojaa ukurasa mzima). Kama nakala ni chache uliza pia bei ya kuchapa kwa dijitali bila plati, maana plati za ofseti zina gharama ileile uchape 100 au 3000. Kile kitabu kitupu kifungue, kikunje, kibebe kwenye begi siku mbili tatu. Ukikubaliana nacho mwambie akupe kipimo cha mgongo kwa maandishi, ndo utengeneze faili la kava, na rangi na picha zizidi kingo kwa 3 mm za kukatwa kila upande.