Namna ya Kusoma Jina la Asteroidi, Kuanzia Kitambulisho cha Muda hadi Maana Yake

Anayetaka kujua maana ya jina la asteroidi, yaani sayari ndogo inayozunguka Jua, kwa kawaida huanza na jina lenyewe, na hapo ndipo anapopotea, kwa sababu jina ndilo jambo la mwisho ambalo asteroidi hupewa. Hutanguliwa na kitambulisho cha muda, kisha namba ya kudumu, na kila kimoja kina habari yake. Mimi huandaa maelezo ya majina haya kwa wasomaji wa Kiswahili, na utaratibu ninaoufuata ndio huu. Mfano wetu mkuu utakuwa (101955) Bennu.

Hatua ya kwanza: fumbua kitambulisho cha muda

Kabla ya kuitwa Bennu, asteroidi hii iliandikwa 1999 RQ36. Mwaka hauhitaji maelezo. Herufi ya kwanza huonyesha nusu ya mwezi ambamo ilionekana: A ni Januari 1 hadi 15, B ni Januari 16 hadi 31, na kuendelea hivyo hadi Y, ambayo ni nusu ya pili ya Desemba. Herufi I hurukwa ili isidhaniwe kuwa ni tarakimu 1. Kwa hesabu hiyo, R ni nusu ya kwanza ya Septemba.

Herufi ya pili huonyesha nafasi katika foleni ya nusu mwezi huo, kuanzia A hadi Z, hapa pia bila I, yaani nafasi 25. Zikiisha, huanzwa upya, na namba inayofuata herufi hueleza ni mara ngapi zimekwisha kumalizika. Kwa hiyo 36 mara 25 ni 900, na Q ni herufi ya 16, si ya 17 kama anavyohesabu aliyesahau kuruka I. Jumla ni 916. Bennu ilikuwa ya 916 kuandikishwa katika siku hizo 15. Jaribu mwenyewe 2004 MN4, ambayo leo inaitwa Apophis: ukipata ya 113 katika nusu ya pili ya Juni, umeelewa.

Hatua ya pili: tazama namba

Namba hutolewa na Kituo cha Sayari Ndogo kilichopo Cambridge, Massachusetts, pale tu obiti, yaani njia ya kuzunguka Jua, inapojulikana kwa uhakika wa kutosha. Kwa kawaida asteroidi inapaswa iwe imeonekana katika vipindi vinne au zaidi ambapo imekuwa upande wa anga ulio mkabala na Jua, ingawa zile zinazopita karibu na Dunia zinaweza kupata namba mapema zaidi. Tahadhari hii ina sababu. Johann Palisa aligundua (719) Albert mwaka 1911, ikapewa namba na jina, kisha ikapotea, na haikuonekana tena hadi mwaka 2000.

Hatua ya tatu: jua nani aliyependekeza jina

Baada ya namba kutolewa, mgunduzi ana haki ya kupendekeza jina kwa muda wa miaka 10, na kamati ya Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ndiyo inayoliidhinisha. Jina lisizidi herufi 16 pamoja na nafasi na alama, liweze kutamkika, lisiwe la matusi wala la kibiashara, na lisifanane mno na lililopo. Mwanasiasa au mwanajeshi husubiri hadi miaka 100 ipite tangu kufa kwake. Majina haya hayauzwi. Mgunduzi anaweza, hata hivyo, kuwashirikisha wengine: jina Bennu lilishinda katika shindano mwaka 2013, likiwa limependekezwa na mtoto wa miaka tisa, aliyeona kwamba OSIRIS-REx, chombo cha anga kilichokuwa kikiandaliwa kwenda kwenye asteroidi hiyo, kwa mkono wake na paneli zake, kilifanana na Bennu, ndege wa visasili vya Misri ya kale.

Hatua ya nne: linganisha jina na obiti

Asteroidi zinazokaribia Dunia hupewa majina ya visasili, na ndiyo maana Apophis ni nyoka adui wa mungu wa jua wa Wamisri. Zilizo mbali zaidi ya Neptuni hugawanyika: Quaoar ni muumbaji katika imani ya Watongva, wenyeji wa asili wa kusini mwa California, na Orcus, ambayo mizunguko yake hulingana kwa uwiano maalumu na ya Neptuni kama ilivyo ya Pluto, ina jina la mungu wa kuzimu. Zinazoandamana na Mshtarii kwa kawaida hubeba majina ya vita vya Troya, Wagiriki wakiwa mbele yake na Watroya nyuma. Kanuni hiyo ya kambi ilikuja baadaye kidogo, kwa hiyo (624) Hektor, shujaa wa Troya, amebaki kati ya Wagiriki, na (617) Patroclus kati ya Watroya. Mimi huwaita majasusi.

Hatua ya tano: soma maelezo rasmi

Haya ni maelezo mafupi ya sababu ya jina, yanayotolewa jina linapoidhinishwa. Hatua hii isirukwe hata kama maana inaonekana wazi. Niliwahi kuandika kwamba (2309) Mr. Spock imeitwa moja kwa moja kwa jina la mhusika wa televisheni, kumbe ni jina la paka wa mgunduzi, na paka huyo ndiye aliyepewa jina la mhusika. Majina ya wanyama wa kufugwa hayapendekezwi tena. Vilevile (12) Victoria, iliyogunduliwa mwaka 1850, rasmi ni mungu wa kike wa ushindi wa Warumi, ijapokuwa wanaastronomia wa Marekani walilalamika kwamba ni jina la malkia aliyekuwa akitawala Uingereza.

Tafuta maelezo kwa namba badala ya jina, kisha unapoandika weka namba kwenye mabano kabla ya jina, na jina uliache katika tahajia yake bila kulitafsiri.