Somo: Gari la umeme limeandikwa hasara kamili, udai vipi fidia inayolingana nalo

Bima wakishakwambia gari ni hasara kamili, yaani halitengenezeki au kulitengeneza hakulipi, achana na habari za nani alimgonga nani. Swali linabaki moja: muda mfupi kabla ya ajali, gari lile lingeuzika kwa bei gani?

Hatua ya 1. Omba ripoti nzima ya mkadiriaji, kwa maandishi. Usikubali kutajiwa jumla kwenye simu. Humo utakuta magari waliyolinganisha na lako; yapitie moja moja, kalamu mkononi. Mimi nilikuwa na Nissan Leaf yenye betri ya kilowati-saa 62, wao wakailinganisha na za 40. Kwa nje huwezi kuzitofautisha kirahisi, ila safari moja ya mbali inatosha kukuonyesha. Nilipowatumia hati ya ununuzi yenye ukubwa wa betri, hesabu ilirudiwa.

Hatua ya 2. Betri. Hapa ndipo wengi tunapunjwa, maana gari hupimwa kwa kilomita kana kwamba ni la petroli. Ripoti ya servisi inayoonyesha betri imebakiza asilimia ngapi ya uwezo wake, iambatanishe. Huna? Fundi wa magari ya umeme asome kompyuta ya gari kabla halijapelekwa kwenye mabaki. Wewe usiliguse: betri iliyogongwa inaweza kuwaka hata siku kadhaa baadaye. Taja na waranti ya betri iliyobaki. Watengenezaji wengi hutoa miaka 8 au kilomita 160,000.

Hatua ya 3. Kusanya matangazo ya magari ya mwaka, betri na kilomita kama lako. Piga picha ya skrini papo hapo, yanafutwa haraka. Watasema bei ya tangazo si bei ya kuuzia, na hapo wana hoja. Kwa hiyo peleka matano ya kawaida, si moja la bei ya juu.

Hatua ya 4. Jibu kwa barua: kiasi unachodai na sababu zake. Hati ya kumaliza dai usiisaini kwanza. Soma mkataba, baadhi huruhusu kila upande kuleta mkadiriaji wake.

MASWALI YA WANACHAMA

Gari limegonga jiwe kwa chini tu, mbona hasara kamili?
Betri imelala chini ya sakafu. Kasha likibonyea, mara nyingi hubadilishwa yote, na bei yake hula sehemu kubwa ya thamani ya gari.

Chaja ya ukutani je?
Hiyo ni ya nyumba. Kebo ya kuchajia iliyokuwa kwenye buti, idai.

Nina mkopo wa benki.
Benki hulipwa kwanza, kinachobaki ndicho chako. Usisimamishe marejesho wakati mnavutana.

Naweza kubaki na mabaki?
Mara nyingi ndiyo, ila watakata thamani yake. Waulize wameipataje, na kama betri imo kwenye hesabu.